Tengeneza Pedali ya Gitaa Mwenyewe: Transista Moja, Betri Moja, Jumamosi Mbili

Fungua pedali ya zamani ya mkwaruzo uchungulie ndani. Utakuta vitu vilevile vinavyokaa kwenye kopo la fundi redio: rizista chache, kapasita, transista moja au mbili, halafu nafasi tupu. Hela nyingi imekwenda kwenye kasha, swichi, rangi na jina.

Hapa tutajenga pedali moja tu, tena ndogo. Najua unachokitamani ni mwangwi. Wengi huanza na mwangwi, wananunua chipu ya PT2399 na rundo la vikorokoro, saketi inagoma, na kwa kuwa hawajui sauti ilipotelea wapi, mradi unaishia uvunguni mwa kitanda. Anza na transista moja. Ukiweza kuifuata sauti kutoka jeki hadi jeki kwenye saketi ya transista moja, kubwa utaisoma kwa njia ileile, ila itachukua muda zaidi.

Tunajenga nini

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwenye studio moja ya Nashville, Marekani, njia moja ya mixer iliharibika wakati wa kurekodi, na gitaa la besi la Grady Martin likatoka limekwaruzika kama spika iliyochanika. Mhandisi wa sauti, Glenn Snoddy, hakuitupa ile kasoro. Alitafuta namna ya kuitengeneza kwa makusudi, na mwaka 1962 chapa ya Maestro ikatoa FZ-1, pedali ya fazi (fuzz), yaani ya mkwaruzo. Mwaka 1968 huko New York, kampuni ya Electro-Harmonix ya Mike Matthews ikaanza kuuza kijisanduku cha LPB-1, chenye transista moja, ambacho kazi yake ni kukuza sauti ya gitaa kabla haijaingia kwenye ampu ili ampu yenyewe ilemewe na kukwaruza.

Yetu inafuata mpango wa LPB-1 kwa thamani zinazopatikana kirahisi, kisha tutaongeza diodi mbili mwishoni ili mkwaruzo utoke kwenye pedali hata kama ampu yako ni ndogo au unapiga kupitia mixer ya kanisa.

Vya kununua

Nairobi, nenda Luthuli Avenue. Dar, zunguka Kariakoo kwenye maduka ya vipuri vya redio na TV. Andika karatasi kabla hujatoka nyumbani, maana muuzaji hana muda wa kukusubiri ukumbuke.

Rizista: 1M, 470K, 47K, 10K, 4.7K na omu 390 (K ni omu elfu, M ni omu milioni), moja moja, lakini nunua tano tano kwa sababu ni bei ya peremende. Kapasita mbili za nanofaradi 100. Zimeandikwa 104 mgongoni. Kapasita moja ya maikrofaradi 100, volti 16 au zaidi. Diodi mbili za 1N4148 na moja ya 1N4001. Taa ya LED moja. Transista ya 2N3904 au BC547, na hapa kuna mtego nitakaoueleza. Volyumu ya 100K yenye herufi A (ikiandikwa B bado itafanya kazi, ila sauti itapanda ghafla mwanzoni mwa mzunguko). Jeki mbili za gitaa, moja mono na nyingine stereo. Swichi ya kukanyaga yenye miguu 9. Hiyo swichi ndiyo ya kutafuta kwa jasho. Usipoipata mjini, agiza mtandaoni pamoja na ya akiba.

Kwa zana: chuma cha kulehemu cha wati 25 hadi 40, waya wa lehemu mwembamba wenye dawa ndani, mita, kikata waya, na ile bodi ya plastiki ya majaribio yenye matundu. Hiyo bodi usiiruke. Saketi nyingi zinazogoma ziligoma siku mtu aliposema “ah, nitalehemu moja kwa moja”.

Ramani ya vituo

Mchoro wa saketi huwatisha watu bure. Ufikirie kama njia ya daladala. Kila mahali ambapo miguu ya vifaa inakutana ni kituo, na ukishajua nani anashukia wapi, hakuna siri nyingine. Njia yetu ina vituo saba:

- Gitaa: waya kutoka jeki ya kuingilia, mguu mmoja wa 1M, mguu mmoja wa kapasita ya kwanza ya 104.
- B: mguu wa pili wa kapasita hiyo, 470K, 47K, na mguu wa B wa transista.
- E: mguu wa E wa transista na rizista ya 390.
- C: mguu wa C wa transista, 10K, na mguu mmoja wa kapasita ya pili ya 104.
- Kutokea: mguu wa pili wa kapasita hiyo, na mguu wa tatu wa volyumu. Diodi za 1N4148 zitakuja kushukia hapa baadaye.
- Tisa: upande wenye mstari wa 1N4001, chanya ya kapasita kubwa, ncha ya pili ya 470K na ncha ya pili ya 10K. Waya nyekundu ya betri inaingilia upande usio na mstari wa 1N4001.
- Ethi: waya nyeusi ya betri, hasi ya kapasita kubwa, ncha zilizobaki za 1M, 47K na 390, mguu wa kwanza wa volyumu, na mikono ya nje ya jeki zote mbili.

Mguu wa katikati wa volyumu ndio unaokwenda jeki ya kutokea.

Kazi inafanyika hivi. Rizista za 470K na 47K zinagawana volti 9, na pale B zinabaki volti 0.8 hivi. Transista ya silikoni huanza kufunguka kwenye volti 0.6, kwa hiyo hii yetu imekaa mlango wazi kidogo, inasubiri. Sauti ya gitaa inapopita kwenye kapasita inausukuma mlango huo mbele na nyuma, na mkondo mkubwa zaidi unaopita kutoka C kwenda E unaiga msukumo uleule. Ukuzaji unatokana na uwiano wa 10K kwa 390. Kwenye karatasi ni kama mara 25, kwa vitendo ni karibu mara 20.

Kapasita zimewekwa pale ili kuruhusu sauti ipite huku zikizuia volti tulivu za betri zisivamie gitaa lako wala ampu. Ile 1M inamwaga chaji inayobaki kwenye kapasita, la sivyo kila ukikanyaga swichi spika itapiga “pwaa”. Na 1N4001 ni askari wa getini: ukichomeka umeme kinyume, haupiti.

Jumamosi ya kwanza: bodi ya majaribio

Panga vifaa kwenye bodi kituo kwa kituo, ukipiga tiki kwenye karatasi. Diodi za 1N4148 ziache kwanza. Tunataka kusikia ukuzaji mtupu.

Sasa ule mtego. Shika transista, uso bapa ukikutazama, miguu ikielekea chini. Ukiwa na 2N3904, kutoka kushoto miguu ni E, B, C. Ukiwa na BC547 ni C, B, E. Zimegeuzana. Saketi yangu ya kwanza ilikuwa na BC547 niliyoichomeka kwa mchoro wa 2N3904, na balaa lake ni kwamba transista iliyogeuzwa haifi wala hainyamazi. Inapitisha sauti, ila dhaifu, kama redio ya jirani nyuma ya ukuta. Nilibadilisha kapasita, nikabadilisha jeki, nikailaumu betri. Jumamosi nzima ikaisha. Mita ingeniambia kwa sekunde tano.

Kwa hiyo kabla hujachomeka gitaa, chukua mita, weka volti za DC, waya nyeusi ya mita kwenye Ethi, na ugusishe nyekundu kwenye vituo. Tisa isome karibu na 8.5, kwani 1N4001 inakula kidogo. B isome 0.7 hivi. E isome kati ya 0.1 na 0.2. Kisha gusa C, ambayo ndiyo muhimu kuliko zote: itafute kati ya volti 4 na 6.

Kwa nini katikati? Sauti itakuwa ikipanda na kushuka pale C. Bembea ukiifunga karibu na ukuta, kila ukisukuma mtoto anagonga upande mmoja. C ikiwa imekaa katikati, sauti ina nafasi pande zote mbili.

Ikisoma karibu sawa na Tisa, transista haijafunguka: imegeuzwa, au 470K haijafika kituoni. Ikisoma nusu volti au chini yake, transista imefunguka kupita kiasi, na mara nyingi utakuta umebadilishana 470K na 47K. Makosa haya ni rahisi mno. Ya kwanza ina njano, zambarau, njano; ya pili njano, zambarau, chungwa; na kwenye rizista za bei poa chini ya taa ya chumbani, njano na chungwa ni ndugu pacha. Pima kila rizista kwa mita kabla ya kuiweka, rangi zisikudanganye.

Namba zikikaa sawa, chomeka gitaa, punguza ampu, piga uzi mmoja, kisha pandisha volyumu taratibu. Sauti itakuja kubwa na yenye kifua.

Sasa chukua zile 1N4148. Ziweke zote mbili kutoka Kutokea kwenda Ethi, moja mstari wake ukitazama Kutokea, nyingine ukitazama Ethi. Piga tena uzi uleule. Diodi ya silikoni huanza kupitisha umeme ikifikia volti 0.6 hivi, kwa hiyo kila wimbi linalotaka kuvuka kimo hicho linakatwa kichwa, juu na chini. Kwa kuwa tumekuza mara 20, hata gitaa likitoa milivolti 30 tu tayari vichwa vinaanza kukatwa. Huo ndio mkwaruzo, na umeusikia ukizaliwa kwenye kituo ulichokiweka kwa mkono wako.

Kaa hapo, usikimbilie kulehemu. Toa 1N4148 weka LED mbili nyekundu: hizo hazikati hadi volti 1.6 au zaidi, hivyo sauti inakuwa kubwa, wazi, na mkwaruzo unapungua. Ukipata diodi za jerimaniamu (germanium) kutoka kwenye redio chakavu, zinaanza kukata karibu na 0.3, mapema na kwa ulaini. Au weka mbili upande mmoja na moja upande mwingine. Mimi nilibaki na 1N4148 moja na LED moja. Wenzangu kwenye bendi hawasikii tofauti, mimi nasikia.

Badilisha pia kapasita ya kwanza. Ile ya 104 inapitisha besi yote ya gitaa. Weka nanofaradi 22 (imeandikwa 223) na besi inapungua, sauti inakuwa kali na nyembamba. Kwa anayepiga solo za rumba au benga juu ya gitaa la besi linalozungumza muda wote, hiyo ndiyo thamani ninayopendekeza. Mkwaruzo wenye besi nyingi hugeuka tope. Ikikuchoma masikio, weka kapasita ya 472 kutoka Kutokea kwenda Ethi, ubavuni mwa diodi, ile mikwaruzo ya juu kabisa ipungue.

Jumamosi ya pili: lehemu

Tumia verobodi, ile yenye mistari ya shaba nyuma. Kila mstari ni kituo kimoja, kwa hiyo ramani yetu inaingia bila kubadilika. Chora kwanza kwenye daftari la hesabu, kila mraba tundu moja. Kipande cha mistari 8 na matundu 15 kinatosha. Rizista isilazwe juu ya mstari mmoja. Isimame kutoka mstari hadi mstari, la sivyo umeunganisha miguu yake yote miwili kwenye kituo kimoja.

Kulehemu kuna siri moja: pasha kazi, siyo lehemu. Gusisha ncha ya chuma kwenye mguu na shaba kwa pamoja, hesabu moja, mbili, kisha leta waya wa lehemu upande wa pili wa kiungo. Itayeyuka na kutambaa yenyewe. Ondoa waya, ondoa chuma, usitikise. Kiungo kizuri kinang’aa na kina umbo la kilima. Kinachofanana na tone la uji lililoganda kimeshika kwa nje tu, kipashe tena. Fungua dirisha, na nawa mikono kabla ya kula, kwani lehemu ya mtaani mara nyingi ina risasi.

Ukimaliza, pitisha ncha ya kisu kati ya mistari kuondoa vinyweleo vya lehemu, kisha pima tena volti zilezile. Zikifanana na za Jumamosi iliyopita, umemaliza sehemu ngumu.

Kasha

Makasha ya alumini ya saizi ya 1590B, milimita 112 kwa 60 kwa 31, ni mazuri lakini lazima uyaagize. Mbadala wangu ni boksi la chuma la soketi ya umeme, la inchi 3 kwa 6, kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Ligeuze: mgongo wa boksi unakuwa sura ya pedali, na kifuniko chake kinakuwa sakafu. Chukua lenye kina kirefu ili swichi ienee. Matundu yake ya kupitishia bomba yaliyobaki yazibe kwa bati. Kopo la biskuti litakubali drili, lakini siku ya shoo litabonyea chini ya kiatu. La plastiki usitumie, halizuii mvumo wa umeme wa nyumba. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mvumo huo uko jirani kabisa na noti ya G ya chini.

Swichi inataka tundu la milimita 12, jeki 9.5 hadi 10, volyumu 7 hadi 8. Gonga alama kwa msumari kwanza, anza na biti ya milimita 3, kisha panda. Ukiwa na biti ya ngazi, kazi inakuwa nyepesi. Shikilia kasha kwa jiliwa, siyo kwa mkono. Chuma kikinasa biti kinazunguka nayo.

Jeki ya stereo iweke upande wa gitaa. Waya nyeusi ya betri ilehemu kwenye mguu wake wa pete badala ya kwenda Ethi moja kwa moja. Ukichomeka waya ya gitaa ya kawaida, inaunganisha pete na Ethi, na pedali inawaka, ukichomoa, inazima. Betri inadumu miezi, maana saketi yenyewe inakula chini ya miliampea moja, na LED ikiwaka jumla haifiki miliampea mbili.

Ukitaka adapta, zingatia kwamba pedali nyingi hutumia katikati hasi, wakati adapta nyingi za ruta ni katikati chanya, na baadhi ni za volti 12. Ile 1N4001 itakuokoa umeme ukiingia kinyume, lakini haizuii volti zilizozidi.

Swichi ya miguu tisa

Itazame kama safu tatu, kila safu miguu mitatu, wa kati ndiye dereva: anakwenda juu au chini. Ulizia safu kwa mlio wa mita kabla ya kulehemu, usizibuni.

Safu ya kwanza: katikati ni jeki ya kuingilia, juu ni kituo cha Gitaa. Safu ya pili: katikati ni jeki ya kutokea, juu ni mguu wa kati wa volyumu. Miguu ya chini ya safu hizi mbili iunganishe kwa kipande cha waya. Hapo gitaa linapita moja kwa moja pedali ikizimwa. Safu ya tatu: katikati ni Ethi, juu ni mguu mfupi wa LED, na mguu mrefu wa LED unakwenda Tisa kupitia 4.7K. Miguu ya swichi haipendi joto. Lehemu mmoja, pumzika, nenda mwingine.

Ikigoma

Tengeneza kichunguzi. Chukua waya ya gitaa iliyochakaa, kata ncha moja, lehemu kapasita ya 104 kwenye waya wa ndani, na wa nje ufunge kwenye Ethi ya saketi. Ncha nyingine ichomeke kwenye ampu, sauti chini. Mtu apige gitaa, au chomeka simu inayocheza muziki, kisha gusa kituo kimoja kimoja kwa mguu wa kapasita: Gitaa, B, C, Kutokea. Pale sauti inapokatika, kosa liko kati ya kituo hicho na kilichotangulia.

Sauti ipo pedali ikizimwa tu? Angalia swichi. Volyumu inapanda ukizungusha kushoto? Badilisha miguu ya kwanza na tatu. Kila kitu kinafanya kazi mezani lakini ukifunga kasha kimya? Kitu kinagusa chuma. Weka kipande cha kadibodi chini ya verobodi.

Kabla ya kukaza skrubu za mwisho, bandika karatasi ndani ya kifuniko: tarehe, aina ya transista, diodi ulizochagua, kapasita ya kwanza, na volti ulizosoma kwenye B, E na C.